Ndoto ya Abiria wa Kisumu

Ndoto nyingi mtu huzisahau kabla hajanawa uso. Lakini ndoto aliyoiota karani mmoja kijana wa Karachuonyo, alipokuwa akisafiri kwa gari la moshi kutoka Nairobi kwenda Kisumu, haikumtoka. Na yafaa isimuliwe, kwa sababu ndani yake imo habari ya njia ile na ya watu wa pwani ya ziwa.

Kijana huyo alikuwa hajafika kwao kwa muda wa miaka mitatu. Sasa alikuwa akienda kumwambia baba yake kwamba shamba lao, lililo karibu na Kendu Bay, likodishwe kwa watu wengine, maana yeye hakukusudia kurudi kulima. Gari liliondoka jioni, na usiku wa manane usingizi ukamchukua.

Akaota kwamba gari limekwisha kupita kilele cha Mau, mahali palipo juu zaidi ya futi 8,000, nalo lateremka kuelekea ziwani. Katika kila stesheni abiria walishuka, wala hapana aliyepanda: Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, Kibigori. Walipofika Kibos alikuwa amebaki peke yake. Mara stesheni ya Kisumu ikatokea, na baba yake amesimama pale, fimbo mkononi. Gari halikusimama. Lilipita mbele ya mzee, likaingia ziwani, likainamisha kichwa kama nyoka, likanywa. Likanywa hata maji yakakauka mpaka ng'ambo, na mashua za wavuvi zikalala ubavu katika matope.

Ndipo likaja basi, likipita juu ya matope yale, na utingo ananing'inia mlangoni akiita, "Kendu! Kendu!" Kijana akakimbia, akatoa tikiti yake. Utingo akaitazama, akamrudishia. "Hii ni ya kwenda tu," akasema, "ya kurudi huna." Basi likaondoka. Kijana akashtuka usingizini, jasho likimtoka. Kumbe kulikuwa kunapambazuka, na gari lapita katikati ya mashamba ya miwa.

Mtu asiyejua habari za zamani ataona kwamba hayo ni maajabu matupu. Lakini nyoka huyo ni wa siku nyingi katika nchi ile. Husimuliwa kwamba Kimnyole arap Turukat, mtabiri mkuu wa Wanandi, aliagua kwamba nyoka atemaye moto na moshi atatoka katika maji ya mashariki, aje azime kiu yake katika ziwa la magharibi. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimwua Kimnyole, wakimlaumu kwa maafa yaliyowapata. Mwaka 1896 kazi ya kutandika reli ikaanza Mombasa. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mwezi wa Desemba 1901 reli ikafika ziwani, karibu maili 580 kutoka baharini, katika mji wa Kisumu ulioitwa Port Florence wakati ule. Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, aliwaongoza Wanandi kuupinga utawala wa Waingereza na reli yao, naye akauawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905, alipokuja katika mkutano wa mapatano.

Yaliyofuata hayamo katika uaguzi. Kisumu ikawa lango la Uganda, mizigo ikitoka garini na kuingia melini. Mwaka 1931 reli iliyopita Eldoret na Tororo ikafika Kampala, na mizigo mingi haikuhitaji tena kupita ziwani. Barabara nazo zikaongezeka, na mabasi yakafika Kendu Bay na Homa Bay, mahali ambapo reli haikufika kamwe. Gari la abiria la Kisumu lilisimama kwa miaka kadhaa, likarudishwa Desemba 2021. Lakini katika miaka hiyo yote jambo moja halikubadilika: vijana wa pwani ile waliendelea kuondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na wengine hawakurudi.

Kijana alishuka Kisumu akatazama pande zote za stesheni, kana kwamba atamwona baba yake. Hakuwapo. Akaenda kituo cha mabasi, akapata basi la Kendu. Lilipita uwanda wa Kano penye mashamba ya mpunga, likavuka mto Nyando pale Ahero, likashika njia ya Katito. Mwishowe ziwa likaonekana, limejaa kama lilivyokuwa siku zote, na mashua zikielea juu yake.

Nyumbani, kabla hajataja neno la shamba, alimsimulia mzee ndoto yake. Mzee alicheka aliposikia habari ya gari kunywa ziwa. Kisha akanyamaza kitambo.

"Mwanangu," akasema, "nyoka hakunywa kitu, ziwa ni hilo. Wala mimi sijakusubiri stesheni hata siku moja. Lakini kwa miaka mitatu umepita mbele yangu bila kusimama. Hilo si ndoto."

Kijana hakuwa na la kujibu. Asubuhi alichukua jembe akafuatana na baba yake shambani, na siku zote za likizo yake walilima pamoja. Siku aliyoondoka, mzee alimsindikiza hata njiani, wakasimama kungoja basi. Habari ya kulikodisha shamba bado hajaitoa.

Kimnyole aliagua kuja kwa nyoka, naye akaja kweli. Lakini reli hiyo moja ndiyo impelekayo mtu na ndiyo imrudishayo, na basi nalo ni vivyo hivyo. Mwenye kuchagua siku ya kurudi ni abiria mwenyewe.