Mnarani: Mti Ndio Kipimo cha Nyumba

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 60, hufika Mnarani, kwenye ukingo wa kusini wa hori la Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991 ilimlazimu kungoja feri; siku hizi huvuka kwa dakika chache, na wengi hupita bila kutazama kando. Lakini mtu anayekusudia kujenga nyumba ya miti angepata faida kushuka hapa.

Juu ya jabali yapo magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ipo misikiti, kisima kirefu, na kaburi lenye mnara, ambao ndio asili ya jina la mahali. James Kirkman aliyachimbua katika miaka ya 1950. Kuta za mawe zingali zimesimama, bali mapaa yametoweka. Katika nyumba za mawe za kale za pwani hii, kama zile za Gedi na Lamu, vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wake aghalabu ni kama mita 2.5 hadi 3. Wajenzi hawakupenda dhiki: boriti ya mkoko ndiyo iliyowapa kipimo.

Kanuni hiyo yamhusu hata ajengaye nyumba ya udongo na makuti. Fundi mwenye busara hapangi vyumba kwanza akatafuta miti baadaye. Huanza kwa kuipima miti. Mikoko huuzwa kwa unene: fito ndizo nyembamba, zikifuatwa na pau, mazio, kisha boriti zenye unene wa sentimita zipatazo 11 hadi 14, na mwisho nguzo. Nguzo hubeba uzito. Mtambaapanya hulala juu ya nguzo za ukuta. Makombamoyo hushuka kutoka kwenye mwamba. Fito hufungwa kwa kamba zishike makuti juu na udongo ukutani. Atakaye ukumbi mpana kuliko urefu wa miti yake hana budi kusimamisha nguzo katikati, la sivyo paa litalegea.

Baada ya miti hutazamwa upepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na huo ndio wakati mwema wa kujenga. Kusi huja na mvua za masika. Madirisha yafaa yakabiliane ili upepo upite, na paa lishuke nje ya ukuta, maana udongo ukilowa hubomoka. Pepo zote mbili hutoka zaidi upande wa bahari. Kwa hiyo jiko la kuni huwekwa uani, upande wa bara, cheche zisirukie makuti.

Sasa mti wenyewe umekuwa adimu. Mizizi ya mikoko huwahifadhi samaki wachanga na kuzuia ufuo usiliwe na maji. Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nchi za nje mwaka 1982, na kuikata bila kibali ni kosa. Ndiyo sababu wakulima wengi wa Kilifi hupanda mivinje, ambayo hukua upesi na kunyooka. Hata hivyo, mvinje haustahimili mchwa kama mkoko. Mguu wake ukifukiwa ardhini huliwa, na nyumba huinama ingali mpya. Basi mwenye kuutumia hana budi kutia katika hesabu yake msingi wa mawe na saruji, mguu wa mti ukae juu ya udongo.

Hivyo mabadiliko ya mti hubadilisha nyumba nzima, tangu msingi hadi paa. Na mkulima apandaye mivinje mpakani mwa shamba mtoto wake angali mdogo, atakuwa na nguzo za kumjengea siku atakapooa, wala hatakwenda kuikata mikoko ya hori.