Chombo cha Pwani Kikipanda Songwe

Mashoga zetu wengi hutuuliza maisha ya kuolewa bara yakoje. Leo tunawajibu kwa habari ya pikipiki.

Sisi mawifi wawili, watoto wa Unguja, tunapaka hina na kupamba mabibi harusi Tunduma, Vwawa na Mlowo. Chombo chetu tulikuja nacho kutoka nyumbani, kizima kabisa. Huku kikaanza kunywa mafuta, kutoa moshi mweusi na kuchoka mlimani, na bibi harusi hasubiri. Fundi wa kwanza alitaka tununue pistoni na ringi, yaani fedha ya harusi kadhaa.

Fundi mwingine, mtu mzima, alifungua plagi tu. Ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. "Wanangu," akasema, "injini haiumwi. Imepanda mlima."

Maana yake ni hii. Petroli huungua kwa hewa. Unguja tuko usawa wa bahari, na huku ni zaidi ya mita 1,000 juu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua kwa karibu asilimia 10, lakini kabureta iliyopimwa pwani humimina mafuta kana kwamba bado iko pwani.

Akasafisha chujio la hewa, akaacha injini ipate moto, kisha akazungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka mngurumo ukakaza na kutulia. Mwisho akaishusha sindano ya kabureta pengo moja. Plagi ikawa inatoka na rangi ya kahawia, na hatukununua hata kipuri kimoja.

Alituonya tusiyabane mafuta mno, maana injini huchemka na kuungua. Hata wanaorusha vindege vidogo vya injini kwa nyaya za mkononi huacha mafuta yazidi kidogo kindege kikiwa sawa, ili kikiinua pua injini ikaze bila kudhurika.

Basi mabibi harusi mnaokuja huku na vyombo vyenu, mwambieni fundi kwanza kwamba chombo kimetoka pwani, na aanze na plagi. Na mkikirudisha nyumbani, kirudishiwe kipimo cha pwani. Huko hewa ni nzito, na mafuta ya kipimo cha Songwe hayatatosha.