Sarafu Zilizofutika Mwaka

Marehemu mama yetu alituachia kibweta kidogo cha mbao, na ndani yake mlikuwamo rupia tatu za enzi ya utawala wa Wajerumani na riale moja ya Maria Theresa. Zote ni za madini ya fedha. Katika zile rupia, mwaka hausomeki tena. Aliyeufuta si mwingine ila sisi wenyewe: utotoni, kila Idi ilipokaribia, tulizisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikang'ara, na mama akatusifu kwa bidii yetu.

Baada ya matanga, ndugu yetu mdogo alishauri zipelekwe kwa sonara, ziyeyushwe, na thamani yake igawanywe. "Kaka," alisema, "sarafu isiyo na mwaka haina habari." Tulimwomba atupe siku chache.

Tulizitazama vizuri. Rupia mbili zina nembo ya simba na jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Sarafu za namna hiyo zilianza kutolewa mwaka 1890. Ya tatu ina thamani yake ndani ya shada la majani, nayo ni ya namna iliyofuata kuanzia mwaka 1904, serikali ya kikoloni ilipokwisha kushika kazi hiyo. Kumbe sura, nembo na maandishi huweza kusema pale tarakimu zinaponyamaza.

Riale, kwa upande wake, ina mwaka ulio wazi kabisa: 1780. Lakini mwaka huo haututoshelezi. Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo, na riale zake ziliendelea kupigwa katika karne ya 19 na ya 20 zikiwa na mwaka ule ule.

Tukakumbuka pia habari ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ambako mwaka 1984 ziligunduliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000. Hizo hazikuandikwa mwaka tangu mwanzo. Zina majina ya watawala wa pwani na maneno ya Kiarabu yenye vina, jambo linalotupendeza sana sisi watunzi wa mashairi. Sarafu chache za dhahabu zilizozikwa pamoja nazo ndizo zilizowasaidia wataalamu kukadiria kwamba hazina ile ni ya karne ya 11. Lau aliyeziona kwanza angeziyeyusha, au angezitenga na wenzake, ushahidi huo ungepotea.

Ndugu yetu alisikiliza, akakubali. Sarafu hatukuziyeyusha wala hatuzisugui tena, maana kila msuguo huondoa sehemu ya maandishi yaliyobaki. Kila moja tumeifunga peke yake katika karatasi kavu, na katika daftari tumeandika sura yake, maandishi yake na jina la aliyetuachia.

Hata hivyo, ukurasa mmoja wa daftari hilo ni mtupu. Rupia zile zilifikaje kwa mama? Je, zilikuwa mahari ya bibi, au ujira wa babu? Mama alikuwa nasi miaka mingi, nasi hatukumwuliza. Mali bila daftari huisha bila habari. Vijana wetu wenye wazee nyumbani, waulizeni leo, mkaandike.