Nani Anafungua Msimu?

Mtu wa pwani akisikia kwamba Kilombero tulikuwa na mashindano ya vyombo, huuliza kwanza tanga liko wapi. Hana kosa. Lamu, kwenye tamasha lao la utamaduni, mashua hushindana kwa tanga. Zanzibar ni ngalawa, gogo la mwembe lenye ndubi mbili ubavuni, na nahodha anayejua kubisha. Sisi hatuna tanga. Tuna mtumbwi wa gogo moja, kafi na pondo, na mto ambao kila mwaka hubadili umbo lake.

Mwaka mmoja vijana wa Ifakara walishona mifuko ya mbolea wakatweka tanga. Mtumbwi usio na mkuku wala ndubi ukipata upepo wa ubavuni unajua njia moja tu, ya kulala. Wakaogelea mpaka ng'ambo, na tanga likaishia kuanikia mpunga. Tangu hapo suala hilo halikurudi kwenye kikao.

Asiyelijua bonde letu aelewe kwanza maji yenyewe. Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi huteremka kutoka nyanda za juu na kukutana kwenye tambarare iliyobanwa na safu ya Udzungwa upande mmoja na vilima vya Mahenge upande wa pili. Masika yakikolea, mwezi wa nne, mto huacha kitanda chake. Pale ulipotembea kwa miguu mwezi wa kumi, sasa unapita na mtumbwi juu ya majani, na kambale wanazaliana shambani kwa mtu. Kuanzia mwezi wa sita maji hurudi taratibu, yakiacha madimbwi na tope. Kwa hiyo msimu wa kushindana una kipindi chake chembamba: yasiwe maji ya magogo na magugu yanayokokotwa, yasiwe pia maji ya michanga ambapo mtumbwi unakwama katikati ya mto kila mtu akitazama.

Katika utoto wangu, kabla neno kamati halijafika kwetu, aliyefungua msimu alikuwa mjomba wangu. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa mvushaji, mtu wa pondo, aliyezoea kuvusha watu na magunia kati ya Ifakara na upande wa Ulanga siku pantoni ilipoharibika au foleni ilipokuwa ndefu. Alichomeka fito la tete ukingoni na kulitazama kila asubuhi alipokwenda kunawa. Mstari wa tope ukishuka kiasi anachokijua yeye, alituma mtoto kambi za wavuvi: njooni, mto umekaa sawa. Siku mbili tatu baadaye vijana walikuwa majini.

Sheria zake hazikuandikwa, lakini kila aliyeshika kafi alizijua. Anayeshuka na mkondo anapewa katikati ya mto, anayepanda ashike ukingo, kwa sababu anayeshuka hawezi kusimama na anayepanda anaweza. Mtumbwi wenye abiria au mgonjwa ukionekana, mbio zinasimama mpaka upite. Wagonjwa wengi wa ng'ambo walivushwa hapo kwenda Hospitali ya Mtakatifu Francis, na hakuna ushindi uliopita jambo hilo. Mwenzako akianguka majini, wewe uliye karibu unamfuata. Ukimpita, hata ukifika wa kwanza, hukufika. Na hakuna kupita karibu na matete ya ukingo wa chini, walipolala viboko.

Kelele zilikuwepo, bila shaka. Lakini shauri lilimalizwa chini ya mwembe siku hiyohiyo, na aliyeonekana na hatia alitoa samaki. Nakumbuka kitoga mmoja mkubwa aliyetolewa kulipia kosa la kumgonga mwenzake pondo mkononi. Tulimla wote, mgongaji na mgongwaji.

Miaka ya tisini nilikuwa Dar es Salaam, nimeajiriwa kwenye klabu moja ya mashua za tanga, kazi yangu kushika kamba, kuvuta boti mchangani na baadaye kupandisha bendera kwenye boti ya waamuzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wana kitabu kizima cha sheria za kushindana majini, na kwamba kitabu hicho hutolewa upya kila baada ya miaka minne, kwa kufuata Olimpiki. Nilikariri kwa macho kabla sijaelewa kwa akili. Bendera ya kwanza hupanda dakika kadhaa kabla ya kuanza. Ya pili hufuata baadaye; ile ya kwanza ikishuka, mbio zimeanza, na aliyevuka mstari mapema anarudi. Chombo kinachopata upepo ubavu wa kushoto kinakipisha kinachopata upepo ubavu wa kulia. Hali ikiwa mbaya, waamuzi hupandisha bendera ya milia myekundu na myeupe, na kila mtu anangoja.

Mambo mawili yalinishika zaidi. La kwanza, sheria ya mwanzo kabisa ya kitabu kile ni kumsaidia aliye hatarini. Nilicheka peke yangu. Ni sheria ya mjomba, ila hii ilipigwa chapa. La pili ni kwamba uamuzi wa kuingia mbioni au kuendelea nazo ni wa chombo chenyewe. Waamuzi wakipandisha bendera hawakulazimishi kwenda. Mvushaji wa Kilombero angeelewa hilo haraka kuliko wengi niliowaona pale wakilalamikia upepo.

Niliporudi nyumbani, mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalikuwa yameshapita, na watu walikuwa na hamu ya kuona mto kwa furaha tena. Mashindano yalikuwa yamekua. Timu zilitoka Minepa, Lupiro, Kivukoni na mitaa ya Ifakara mjini. Mjomba alikuwa mzee, sauti haifiki ng'ambo. Mwalimu mmoja akapendekeza tuandike sheria, mimi nikawa katibu kwa sababu niliwahi kuona kitabu.

Karatasi zilikuwa mbili, zilizopigwa chapa mjini. Kupanga jinsi ya kuanza kulikuwa rahisi: hatukuwa na bendera, tukatumia khanga mbili za rangi tofauti na filimbi ya refa wa mpira. Shida ilikuja kwenye pointi. Niliwaeleza utaratibu niliouona Dar: wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, na mwisho wa msimu mwenye pointi chache ndiye bingwa, tena kila mmoja anaruhusiwa kufuta matokeo yake mabaya kuliko yote. Kikao kikalipuka. Mwenye chache amshinde mwenye nyingi? Na mtu afute siku aliyoshindwa, kwani sisi hatukumwona? Watu wamelelewa na ligi ya mpira. Pointi kwao ni mali, huwezi kuwaambia maskini ndiye tajiri. Tukageuza: 3, 2, 1, na hakuna kufuta kitu. Naamini bado kwamba utaratibu ule wa chache ni wa haki zaidi kwa msimu wenye raundi nyingi, lakini sheria isiyoaminiwa na wanaoifuata ni karatasi tu.

Kipimo cha mitumbwi kilitutesa zaidi. Gogo ni gogo. Mchongaji hufuata mti ulivyokua, mvule huu umepinda, mkangazi ule una tumbo, na hakuna mitumbwi miwili inayofanana. Tulipima urefu kwa kamba yenye mafundo. Wakaja watu na mitumbwi mifupi kwa kamba lakini myembamba, inayokata maji kama wembe, wakawaacha wenzao nusu ya mto. Tukaongeza kipimo cha upana. Wakaja na mitumbwi iliyopanuliwa kwa moto sehemu ile tu tuliyosema tutapima. Mwishowe mzee mmoja wa Kindamba, ambaye muda wote alikuwa anasikiliza tu, akasema tusipime chochote, tupige kura ya mitumbwi. Leo unapanda wa huyu, kesho wa yule, mpaka kila timu ipite kwenye kila mtumbwi. Ni njia inayotumiwa na watu wa tanga penye vyombo vya kuazima, na yeye hakuwahi kuiona popote.

Ilidumu raundi moja. Mtumbwi wa mtu ni ugali wa watoto wake. Ukimpa kijana asiye wako, amekunywa kidogo, akaupigiza kwenye gogo lililozama, nani atalipa? Wenye mitumbwi wakagoma, tukaishia kwenye makundi mawili: mitumbwi ya watu wawili na ya watu wanne, na ugomvi wake.

Ila kilichobadilisha mashindano yale ni tarehe, wala si pointi au kamba. Tulipotaka zawadi, ikabidi tuombe. Tulipoomba, tukaulizwa tarehe. Mgeni rasmi hawezi kuambiwa njoo maji yakishuka. Nane Nane yenyewe haikufaa, maana viongozi huwa Morogoro kwenye maonyesho ya wakulima, basi tukaweka Jumamosi inayoitangulia. Likazuka na lingine: mto ni mpaka wa wilaya mbili, Kilombero huku na Ulanga kule. Mstari wa kumalizia ukiwa upande wa Ifakara, watu wa ng'ambo wanasema jukwaa na soda viko kwa wenzao. Tukapatana kubadilishana mwaka hadi mwaka.

Nilimpelekea mjomba habari ya tarehe, nikiwa na karatasi mkononi. Aliisikiliza mpaka mwisho.

"Mpwa wangu, mkuu mmempa barua. Mto mmeupa nini?"

"Mjomba, tumeacha wiki mbili za akiba."

"Akiba ya nani?"

Sikuwa na jibu, na kusema kweli bado naona tarehe ilikuwa lazima. Bila tarehe kusingekuwa na jezi, maboya ya kuvaa wala gari la wagonjwa ukingoni. Lakini mwaka uliofuata mvua zilikatika mapema. Jumamosi ilipofika, katikati ya njia yetu palikuwa na kisiwa cha mchanga chenye ndege juu yake. Washindani walishuka, wakabeba mitumbwi mabegani, wakavuka kisiwa mbio, wakaingia majini upande wa pili. Watazamaji walifurahi kuliko siku zote. Mgeni rasmi alipiga makofi akidhani ndiyo mila yetu.

Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama pale pale kivukoni, wakati wa upepo mkali na mvua. Meli ya chuma iliyobeba magari. Baada ya hapo wazazi hawakutaka kusikia habari ya mtumbwi. Tuliongeza sheria: hakuna raundi itakayoanza baada ya saa sita mchana, kwa kuwa upepo wa bonde huamka alasiri, hakuna mshindani asiyejua kuogelea, na ataogelea mbele yetu, boya si hiari. Ndiyo karatasi iliyofuatwa bila ubishi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Kisha daraja la mto wetu lilizinduliwa 2018, urefu wake mita 384, likapewa jina la Magufuli. Nililivuka kwa miguu, kama watu wengi siku zile, kwa raha tu ya kuvuka bila kumngoja mtu. Lakini wavushaji walikwisha. Kijana ambaye angekuwa anajenga mikono kwa kuvusha abiria sasa anaendesha bodaboda juu ya kichwa cha mto. Waliobaki majini ni wavuvi, na hata vyombo vyao vimegeuka. Miti mikubwa imekuwa adimu, hivyo mitumbwi ya mbao za kuunga imeingia, nasi tukalazimika kufuta neno "gogo moja" kwenye kifungu cha kwanza. Wazee wawili walitoka kikaoni siku hiyo.

Daraja limetuletea na sheria mpya kabisa. Maji yanapopita kwenye nguzo hujikunja na kufanya kizingia, na mtumbwi ukinaswa hapo unazungushwa. Kwa hiyo nguzo hazitumiki kama alama za kuzunguka, ingawa kwa macho zinavutia. Washindani wanatakiwa kukaa mbali nazo urefu wa mitumbwi mitatu. Watazamaji nao hupenda kusimama darajani, ambako malori yanapita.

Siku hizi msimu hauna uhakika. Kuna mwaka unafanyika, kuna mwaka unapita kimya. Vijana waliochukua kamati wameniletea pendekezo ambalo nimelikubali kabla hawajamaliza kulisoma: ichorwe alama kwenye nguzo moja ya daraja, kwa rangi. Maji yakishuka chini ya alama hiyo, mashindano yatakuwa Jumamosi ya pili inayofuata, na barua kwa mgeni rasmi ziwe zimeshaandikwa, zikisubiri kujazwa tarehe tu. Anayeweza kuja aje.

Wanabishana alama iwekwe wapi. Wavuvi wanaitaka juu, vijana wa mjini chini kidogo, na mtu wa Ulanga anauliza kwa nini iwe nguzo ya upande wa Ifakara. Rangi yenyewe haipakwi bila ruhusa ya wenye daraja, na barua ya kuomba ruhusa imeshaandikwa. Haijatumwa, kwa sababu kikao hakijaamua nani atie saini kwanza.