Mtandaoni au Darasani? Kwanza Tujue Anayesoma ni Nani

Wanachuo wenzangu, nyumbani kwetu Mngeta kuna ubishi ambao umenifuata mpaka hosteli. Mama mdogo ni muuguzi wa ngazi ya cheti katika zahanati ya kijiji, anataka kusoma stashahada. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne, fizikia, kemia na baiolojia amefaulu, naye anataka uuguzi. Wote wananiuliza mimi, eti kwa sababu nasomea ualimu: masomo ya sayansi wayasome kwa mtandao, au waende chuoni Ifakara wakakae darasani?

Tusidanganyane, nyuma ya swali hilo kuna pesa. Magunia ya mpunga ya msimu huu yanatosha mtu mmoja kulipa ada, chumba na chakula Ifakara. Wawili hayatoshi.

Hapa chuoni tungejibu haraka. Wengine wangesema mtandao ndio usasa, wengine wangesema mtandao ni kukariri madesa tu. Mimi naona kabla ya kuuliza mtu asome wapi, tuulize mikono yake inajua nini.

Mama mdogo ana miaka tisa kazini. Sindano, dripu, kuzalisha, vyote mikono yake inavijua. Anachokitafuta ni sababu za yale anayoyafanya, pamoja na hesabu zake. Chukua mfano wa dripu: lita moja iingie kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita moja. Unazidisha 1,000 kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata karibu matone 42 kwa dakika. Somo hilo atalisoma usiku kwenye simu, atalirudia hata mara kumi, na asubuhi atasimama mbele ya mgonjwa na saa yake mkononi. Maabara yake ni zahanati anayofanyia kazi. Tena zahanati yenyewe ina wauguzi wawili tu. Akihamia Ifakara, mwenzake atabaki na zamu ya mchana na ya usiku.

Jambo hili si geni. Wenzetu wa Kenya mwaka 2005 walianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta, Amref wakishirikiana na baraza la wauguzi la huko, ili wauguzi wa ngazi ya chini wapande daraja bila kuacha vituo vyao. Lakini angalia, wale walikuwa wauguzi tayari, na mafunzo ya vitendo hayakufutwa.

Mdogo wangu ni habari nyingine. Kitabu kitamwambia moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Video itamsikilizisha sauti safi kabisa. Ila kumpapasa mama, kuutafuta mgongo wa mtoto, kuweka sikio kwenye kile kipimo chenye umbo la tarumbeta na kutoyachanganya mapigo ya mama na ya mtoto, hapo anahitajika mkunga asimame pembeni amwambie, "Bado, sogeza kidogo."

Sisi wa ualimu tunapaswa kulielewa hili kuliko wote. Nchi hii iliwahi kuwa na mtihani mbadala wa vitendo, mwanafunzi anaeleza kwa kalamu jaribio ambalo hajawahi kulifanya. Baadaye wazazi wakachangishwa ili kila shule ya kata ipate maabara tatu. Tulishajifunza kwa gharama kubwa kwamba sayansi ya karatasi peke yake haitoshi.

Kwa hiyo nikasema: pesa ya kukaa chuoni apewe mdogo, mama mdogo asome kwa mtandao. Mama mdogo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa baba. Ila na mimi nilitamani niwe mwanafunzi tu, hata mwaka mmoja. Nibebe daftari, nisiitwe usiku." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kusoma kwa mtandao kutamwokolea nauli na kodi ya chumba, lakini hakutampunguzia kazi. Atasoma akitoka zamu, akitoka palizi, msimu wa kuamia ndege asome huko huko shambani.

Kwa yeyote mwenye ndugu kwenye njia panda hii: kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi inatambuliwa na NACTVET na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Uliza wiki za vitendo ni ngapi, zinafanyika hospitali gani, na nani anasimamia. Wakikujibu kwamba vitendo vyote vimo kwenye video, ondoka.

Sisi tumeshagawana majukumu. Baba anauza mpunga kwa ajili ya ada ya mdogo. Shangazi atakaa na watoto wa mama mdogo Jumamosi ili apate siku moja ya kusoma mchana. Na mimi, kila bumu likiingia, natoa kwanza hela ya bando lake.