Mililita 0.3 Zilizoniumbua

Najua nimeadimika, kuna mtu jana kwenye foleni ya kafeteria kaniuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo nipo. Mitihani ilinibana, halafu kuna hii stori ya TP ya mwaka jana ambayo kila nikikaa niiandike naona aibu. Leo nimeamua liwalo na liwe.

Stori yenyewe inahusu mashine. Wale tunaokaa bloku moja mnakumbuka yale makelele ya usiku, mlalamishi mmoja akasema nafuga panya. Hawakuwa panya, ilikuwa pampu yangu.

Nianze na sababu. Mimi nasoma ualimu, kemia na fizikia. Nilipokuwa kidato cha tatu, siku ya kwanza ya kutumia pipeti nilivuta kwa mdomo kama wote tulivyofundishwa, nikazidisha, nikapata soda kali mdomoni. Ilikuwa imechanganywa na maji mengi kwa hiyo sikuungua sana, lakini ile ladha ya sabuni na ulimi kuwasha mpaka jioni sijaisahau. Vile vipira vya kuvutia havikuwepo. Nilipojua naenda TP kwenye shule ya kata, nikajisemea wanafunzi wangu hawatavuta kwa mdomo, nitawatengenezea kitu.

Kitu chenyewe wazo lake ni rahisi. Bomba la sindano ni pampu ya pistoni, tena nzuri tu, na duka la dawa lolote wanalo. Kazi inayobaki ni kumpata mtu wa kulisukuma taratibu bila mkono kutetemeka, na mtu huyo ni mota. Sikulibuni mimi. Mahospitalini zipo mashine za namna hiyo zinazompa mgonjwa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, na mwaka 2014 Joshua Pearce na wenzake wa Michigan Tech kule Marekani walichapisha kwenye jarida la PLOS ONE michoro ya bure ya pampu kama hii, ambayo vipande vyake vingi unavichapa kwa plastiki. Mimi mashine ya kuchapa plastiki sina. Nilikuwa na plaiwudi, msumeno wa kuazima na bumu lililobaki kidogo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mota inazungusha fito ya chuma yenye nyuzi kama za bolti. Kwenye fito kuna nati iliyofungwa kwenye kibao, na kibao kinateleza juu ya reli za droo ya kabati. Nati haiwezi kuzunguka, kwa hiyo fito ikizunguka kibao kinakwenda mbele au nyuma, na kibao ndicho kimeshika kitako cha bomba. Mwisho.

Mota ya kwanza niliichomoa kwenye skana mbovu niliyopewa na fundi wa Kariakoo. Hizi ni mota za hatua, haziendi tu kama feni, zinaruka hatua kwa hatua. Ile ilikuwa na hatua 48 kwa mzunguko mmoja na haikuwa na nguvu. Ule mpira ndani ya bomba ukikaa unang'ang'ania. Nililisimamisha bomba juu ya mizani ya jikoni nikalikandamiza, likaanza kusogea mizani ikiwa imefika kama kilo moja na nusu. Mota ya skana ikifika hapo inanguruma tu, fito haizunguki. Nikanunua kubwa zaidi, ya hatua 200 kwa mzunguko, aina inayotumika kwenye mashine za kuchapa plastiki, na Arduino ya kuiamrisha.

Sasa hesabu, na hapa ndipo nilipojiona profesa. Fito ya milimita 8 ya kawaida, nyuzi zake zimeachana milimita 1.25, yaani mzunguko mmoja unasogeza kibao milimita 1.25. Bomba langu la mililita 20 sikuhangaika kupima kipenyo chake. Nilipima urefu wa mistari yake, kuanzia sifuri mpaka 20, nikapata milimita 64. Gawanya 20 kwa 64, kila milimita moja ni mililita 0.3125. Mililita 10 ni milimita 32, sawa na mizunguko 25.6, sawa na hatua 5,120. Hatua moja ni kama mililita 0.002! Tone la maji ni kama mililita 0.05, kwa hiyo tone moja tu ni hatua 25 hivi za mota yangu. Nikawaambia wenzangu chumbani kwamba mashine hii inaweza kuligawa tone moja mara ishirini na tano. Walikuwa wanasonga ugali, hakuna aliyeshangaa, teh teh.

Nikaijaribu. Nililijaza bomba kwa mkono, nikaisukuma mbele kidogo mpaka tone likatokea kwenye ncha, hapo ndipo nikaiamuru itoe mililita 10 kwenye silinda ya kupimia. Ikafika kwenye mstari. Nikarudia mara tano, ikafika mara tano. Kulikuwa na shida ya kapovu ka hewa, maana hewa inabanika, mota ikisimama kapovu kanaendelea kutanuka na ncha inadondosha. Nikajifunza kusimamisha bomba na kutoa hewa yote kwanza. Baada ya hapo nikasema poa, imekwisha. Nikaifunga kwenye boksi, nikapanda basi kwenda mkoani.

Pale shuleni wakaipokea kama mgeni rasmi. Niliongeza koki ya njia tatu, zile za kwenye dripu, ili mashine ivute yenyewe kutoka kwenye chupa, nageuza koki, halafu isukume kwenye flaski. Somo lilitaka mililita 20 za besi kila flaski. Nikaipangia ivute 10 isukume 10, mara mbili. Darasa lote limezunguka meza, mota inaimba, mimi nimekunja mikono kama mvumbuzi.

Vikundi vilikuwa vitano. Vinne vilitumia mashine, cha tano kilichoka foleni kikaomba pipeti, pamoja na kipira kimoja kikongwe alichokifufua mzee wa maabara kutoka kabatini. Kikundi hicho kilikuwa na binti mmoja mtaratibu sana, wa kuandika kwa rula. Majibu ya bureti yakaja: 19.7, 19.7, 19.6, 19.7. Kikundi cha binti: 20.0.

Wadau, nilifanya nini? Nilimwambia mbele ya darasa kwamba amekosea kusoma pipeti. Nikasema vikundi vinne vimekubaliana na mashine haina jicho la kuchoka. Nikamkata alama mbili kwa kalamu nyekundu. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu.

"Samahani mwalimu, hiyo mashine yenyewe ilipimwa na nini?"

Nikajibu ilipimwa chuoni. Darasa likacheka, sijui walimcheka yeye au mimi. Kengele ikagonga.

Lakini swali lile halikuniacha. Nimekula nalo, nimelala nalo. Ilipimwa na nini? Na silinda ambayo mstari hadi mstari ni mililita nzima! Nilikuwa najisifu kwa sehemu za elfu za mililita, na nimezihakiki kwa chombo ambacho hata sehemu ya kumi huioni vizuri.

Ijumaa jioni nikamwomba mzee wa maabara ufunguo. "Shikamoo mzee, naomba ile mizani ya elektroniki." "Marahaba mwanangu, kuna nini tena?" Nikamweleza. Hakusema kitu, akakaa na mimi.

Kupima ujazo kwa mizani ni njia ya kuaminika sana, kwa sababu uzito wa maji unajulikana. Kwenye nyuzi joto 27, mililita moja ya maji ina gramu 0.9965, kwa hiyo mililita 20 inatakiwa iwe gramu 19.93. Nikaiambia mashine itoe 20 kama ilivyofanya darasani. Mizani ikasoma 19.62. Nikarudia, 19.63. Nikarudia tena, 19.62. Mara kumi, na zote zikacheza hapohapo. Ukigeuza kuwa ujazo ni mililita 19.69. Yule binti alikuwa sahihi. Mashine ilikuwa inakosea kila mara, tena kosa lilelile, kwa adabu kabisa.

Mzee wa maabara ndiye aliyeona. Akashika kitako cha bomba kwa vidole viwili akakitikisa. Kilikuwa kinacheza. Ule mfereji niliouchonga kwenye kibao niliufanya mpana kidogo ili iwe rahisi kubadilisha bomba, na nati nayo ina nafasi yake kwenye nyuzi. Jumla kama nusu milimita. Mota ikimaliza kuvuta na kuanza kusukuma, ile nusu milimita ya kwanza kibao kinatembea peke yake, bomba limetulia tu. Mota haijui. Mota ya hatua haina macho, inahesabu ilichoambiwa, haihesabu kilichotokea. Nusu milimita mara 0.3125 ni mililita 0.156. Nilikuwa navuta na kusukuma mara mbili kwa kila flaski, zidisha mara mbili: 0.31. Hiyo hapo! Na chuoni sikuiona kwa sababu nilijaza kwa mkono, halafu nikaisukuma mpaka tone lilipotokea, yaani ile nafasi nilikuwa nimeshaimaliza bila kujua.

Dawa yake haikuhitaji hata shilingi. Unaiambia mashine ivute kupita kiasi, halafu kabla ya kugeuza koki inasukuma kidogo kurudi kwenye chupa ilikotoka, ili kibao kikae kimegusa kitako kwa upande wa kusukuma. Hapo ndipo unageuza koki na kuanza kuhesabu. Tukaweka pia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli kwenye mfereji. Tukapima tena mara kumi: 19.92, 19.93, 19.93... Saa nne usiku. Mzee akasema, "Sasa hii ndiyo mashine."

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Mwalimu mmoja mwenzangu, mtu mzima tu na ananipenda, akanishauri niirekebishe kimyakimya. "Ukiomba radhi darasani watakupanda kichwani, na wewe ni mwalimu wa TP tu." Nilifikiria sana Jumapili nzima. Ni kweli nilikuwa nimebakiza wiki tatu tu, ningeweza kuondoka na heshima yangu. Lakini yale majibu manne yalikuwa kwenye madaftari yao, na yule binti alikuwa na kalamu nyekundu yangu kwenye daftari lake. Na kilichoniuma zaidi, watoto arobaini na kitu walikuwa wamejifunza kutoka kwangu kwamba wanne wakikubaliana basi wa tano ni mwongo.

Jumatatu nikaingia, nikachora ubaoni shabaha ya mishale. Mishale minne imesongamana pembeni, mmoja umepiga katikati. Nikawauliza nani ana shabaha. Wakajibu wenyewe. Nikasema, mashine yangu ndiyo hii mishale minne: inarudia vizuri, haifiki. Vitu hivi ni viwili, na mimi mwalimu wenu nilivichanganya. Nikawaonyesha kitako kinavyocheza bila mpira, wakaja mmoja mmoja kukitikisa. Halafu nikamwomba binti radhi kwa jina lake, palepale nilipomsema, nikamrudishia alama zake mbili.

Alisimama akasema, "Asante mwalimu." Akakaa. Basi. Hakuna aliyenipanda kichwani. Ila tangu siku hiyo kila nikiandika jibu ubaoni kuna mkono ulikuwa unanyooka nyuma kule: mwalimu, hiyo imepimwa na nini? Mwanzoni ilinikera, baadaye nikawa naisubiri.

Pampu niliiacha shuleni, pamoja na karatasi ya mzee wa maabara iliyobandikwa juu yake: "Pima kwa mizani kila wiki." Makelele ya panya hamtayasikia tena bloku B, mlalamishi alale salama.

Nyinyi mnaokwenda TP mwaka huu, mkibeba chochote mlichotengeneza wenyewe, kijaribuni kwa namna ileile mtakavyokitumia, si kwa namna iliyo rahisi kwenu. Na mtoto akiuliza swali, msiisubiri kengele iwaokoe kama mimi.

Haya, nina tesiti kesho na desa sijaligusa. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa.