Jina Lililo Kwenye Jalada



Mwaka jana padre mmoja anayetufundisha falsafa alinipa sidii kuukuu akaniambia nisikilize kipande kimoja tu, kisha nikamweleze nimesikia nini. Kwenye jalada jina la John Coltrane lilikuwa kwa herufi kubwa. Kipande chenyewe kinaitwa Tanganyika Strut, yaani mwendo wa madaha wa Tanganyika. Nilidhani ananitania. Mimi ni mtoto wa Kamachumu, nimekulia kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Kwetu neno jazi linatukumbusha Tabora Jazz na Morogoro Jazz, bendi za magitaa na dansi ambazo wazee wetu walizisikiliza redioni. Hii ilikuwa jazi ya namna nyingine.

Wataalamu huuita mtindo huo hadibopu. Ulikomaa Marekani katika miaka ya 1950, pale vijana weusi walipochanganya jazi ya kasi na bluzi pamoja na nyimbo za makanisani mwao. Haikuwa ajabu kwa Coltrane: babu zake wote wawili walikuwa wachungaji wa Kimethodisti. Mwaka 1957 alirekodi Blue Train, santuri ambayo mpaka leo hutolewa tena na tena. Mwaka uliofuata alipiga saksafoni katika rekodi hii niliyopewa, kwa kampuni ya Savoy, kwenye studio ya Rudy Van Gelder huko Hackensack, New Jersey.

Nilikaa na tarehe hiyo muda mrefu. Mwaka 1958 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Januari ya mwaka huo TANU walikutana Tabora kuamua kama waingie katika uchaguzi wa kura tatu. Hapa kwetu askofu wa Jimbo la Rutabo alikuwa Laurean Rugambwa, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Na ng'ambo ya bahari kundi la wanamuziki lilikuwa limekwisha kulitaja jina la nchi yetu kwa madaha, miaka mitatu na zaidi kabla bendera haijapandishwa.

Nilisikiliza mara nyingi. Coltrane anamwaga sauti kama mvua ya masika juu ya bati, huwezi kuhesabu matone. Lakini aliyenigusa zaidi ni mpiga tarumbeta. Yeye anasema machache. Anaacha nafasi kati ya sentensi na sentensi, kama mzee anayevuta pumzi kabla ya kutoa neno barazani. Nilirudi kwa padre nikamwambia, "Baba, huyu Coltrane ana tarumbeta nzuri sana kundini kwake."

Padre akacheka. "Si kundi lake, Frateri. Soma ndani."

Nikasoma ndani kwa maandishi madogo. Kiongozi wa rekodi ile alikuwa Wilbur Harden, mpiga tarumbeta mwenyewe, mzaliwa wa Birmingham, Alabama. Ilipotoka mara ya kwanza, Tanganyika Strut ilikuwa santuri yake, na Coltrane alikuwa mwenzake aliyekuja kupiga pamoja na Curtis Fuller wa tromboni na wengine. Baadaye Harden akaugua, akaacha muziki akiwa bado kijana, akafariki mwaka 1969. Coltrane alikuwa amekwisha kufa mwaka 1967, jina lake likiwa limeenea duniani kote. Katika miaka ya 1970 kampuni ikazitoa upya rekodi zile, ikazigawa kwenye santuri mpya zenye majina kama Dial Africa na Gold Coast, na mbele ikaweka jina linalouza. Wote wawili walikuwa makaburini, hakuna aliyeulizwa. Miaka mingi ikapita kabla ya kutoka toleo lililokusanya vipande vyote, pamoja na majaribio yaliyokuwa yameachwa, likiwa na majina ya wote wawili.

Padre aliniuliza kama mwanafunzi wa falsafa: "Je, kuna aliyeibiwa?" Nilimjibu haraka kwa Mtakatifu Thomas: haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa maana wakati nikijibu nilikuwa nimekumbuka karatasi.

Likizo iliyotangulia nilikuwa nimekaa siku kadhaa kwa mzee aliyekuwa katekista wa kigango chetu. Jioni moja aliniimbia wimbo wa Kihaya alioutunga zamani, wenye mwendo kama wa enanga. Nikaurekodi kwa simu. Nilipofika seminarini nikauandika kwa nota, nikaupanga kwa sauti nne, na juu kulia, pale jina la mtunzi linapokaa, nikaandika langu. Sikusema uongo kwa mdomo. Niliandika tu jina na kuchapisha. Kwaya yetu iliuimba siku ya sikukuu, watu wakanishika mkono. Karatasi zikapigwa picha, zikasambaa kwa WhatsApp, kwaya nyingine zikaanza kuuimba. Nilinyamaza karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nimejitengenezea utetezi, tena kwa Aristotle: mzee alitoa maada, mimi nimetoa umbo. Ni utetezi mbovu. Wimbo ule ulikuwa na umbo lake kabla sijazaliwa. Mimi niliushonea kanzu ya sauti nne, na fundi anayemshonea mtoto kanzu hawi mzazi wake. Na tofauti yangu na kampuni ile ni kwamba mimi sikuwa na kisingizio cha makaburi. Mzee yuko hai, ni mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani.

Likizo hii nilikwenda. Nilimkuta kibarazani akichambua maharage. Baada ya salamu nilimwambia, "Tata, nimekuja kwa ajili ya ule wimbo." Akasema, "Nimeusikia kwenye harusi. Mmeuharibu mwisho wake, waitu. Pale panashuka, nyinyi mnapanda." Akaniimbia. Kweli, nilikuwa nimekosea. Kisha akaomba karatasi, akavaa miwani, akaisoma taratibu hadi juu kulia. Akaikunja, akairudisha mkononi mwangu bila neno.

Nilimweleza yote. Nilitazamia anigombeze, au aniambie yaishe. Akasema, "Niliutunga wiki tuliyomzika kifungua mimba wetu. Sikuutunga ili nisifiwe. Lakini mtu akitaka kuuliza wimbo huu ulitoka wapi, atamuuliza nani sasa? Atakuuliza wewe, na wewe hujui."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiri kwamba nimemnyang'anya sifa tu, kitu ambacho mtu mnyenyekevu anaweza kukisamehe upesi. Kumbe jina kwenye karatasi ni kama mlango wa nyumba. Ukibandika jina lingine, anayebisha hodi anafika kwa mtu ambaye hakuwapo siku ya msiba. Nani leo atamuuliza Wilbur Harden alichokuwa akikiona aliponyamaza kati ya sentensi na sentensi?

Nimeandika karatasi upya. Mwisho unashuka, kama alivyoniimbia. Juu kulia kuna jina la mzee kama mtunzi, na chini yake, kwa herufi ndogo, langu kama mpangaji wa sauti. Nimeituma kwa kila kwaya niliyojua inauimba. Baadhi walijibu kwa shukrani. Wengine walituma alama ya kidole gumba tu, na Jumapili wakaimba kutoka karatasi ya zamani. Karatasi hizo siwezi kuzikusanya zote, nami nimeungama nikijua hilo. Malipizi yangu ni kusema kila ninapousikia, hata panapokuwa na aibu, kama hivi ninavyosema mbele yako, ndugu msomaji.

Kama una kwaya, fungua faili la nyimbo utazame majina. Kama kuna wimbo ambao mwenyewe bado yu hai, nenda ukamsalimu. Inawezekana ana la kukusahihisha.

Sidii nimemrudishia padre. Aliniuliza tena nimesikia nini, nikamwambia nimemsikia Harden. Hakuniuliza zaidi.